Kundi la Biashara la Kulipia: Unanunua Habari au Unanunua Kiti?

Wiki mbili zilizopita binamu yangu mwenye duka la nafaka Kongowea alinipigia simu baada ya Isha. Alikuwa ametumiwa mwaliko wa kujiunga na kundi la WhatsApp la wanunuzi wa mahindi na maharagwe ya Uganda. Ada ni Sh1,500 kwa miezi mitatu, na aliyemwalika alimwambia kwamba humo ndani hakuna upuzi kama ule wa makundi ya bure. Alitaka nimjibu jambo moja tu: alipe au asilipe?

Aliniuliza mimi kwa sababu nilikaa Malaba miaka sita nikifanya kazi kwa wakala wa forodha kabla ya kurudi nyumbani Mombasa. Tangu wakati huo nimekuwa ndani ya makundi saba hivi ya biashara ya mpakani, mengine ya bure na mengine ya kulipia, na katika moja nilipoteza usingizi kwa sababu ya pesa. Jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotarajia. Kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa hapa Pwani wananunua mzigo wa Uganda bila kufika mpakani, naliandika hapa kwa utaratibu, huenda likamfaa na mwingine.

Kwa nini habari ya mpakani ina thamani

Kwa asiyepajua, Malaba ndipo barabara kuu inayotoka Mombasa inapoingia Uganda, baada ya zaidi ya kilomita 900. Busia iko kusini yake, mwendo wa kilomita 30 hivi, na miji yote miwili imo ndani ya Kaunti ya Busia. Malaba ni mji wa trela na reli. Busia ni mji wa mfanyabiashara mdogo: mayai, omena, ndizi, maharagwe, nguo za mitumba, na watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Hata neno boda boda lina asili yake huko, kwa vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka wa upande mmoja hadi wa pili.

Mambo yamerahisishwa kiasi. Mnamo Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na mzigo hukaguliwa upande mmoja tu. Hata hivyo, kuna mambo ambayo jengo haliwezi kuyatuliza. Shilingi ya Uganda hupanda na kushuka. Foleni ya Malaba inaweza kuwa ya saa mbili leo na ya siku mbili kesho. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki, yanaweza kukataliwa. Na waraka mmoja kutoka Nairobi unaweza kufunga biashara ya wiki nzima.

Zaidi ya hayo kuna hesabu. Upande wa Uganda bei hutajwa kwa kilo na kwa shilingi yao. Mnunuzi wa Kongowea huhesabu kwa gunia la kilo 90 na kwa shilingi yetu. Ukipewa bei yenye kosa la Sh2 tu kwa kilo, umekosea Sh180 kwa gunia. Kwa lori la magunia 300, hiyo ni Sh54,000. Faida ya safari nzima inaweza kumalizwa na ujumbe mmoja wa mtu aliyeandika kwa kukisia. Kwa hiyo simlaumu mtu anayekubali kulipia habari. Ninachouliza ni kama ile ada inamletea habari hiyo.

Mazungumzo bora ni yapi?

Watu wengi wakisema kundi fulani ni zuri humaanisha kwamba halina kelele: hakuna picha za maua kila asubuhi, hakuna siasa, hakuna matangazo ya mkopo wa dakika tano. Utulivu ni jambo jema, lakini kundi linaweza kuwa tulivu na bado likakudanganya.

Kipimo changu ni kingine. Ujumbe bora wa biashara hutaja bidhaa, mahali, kipimo, sarafu, siku, na kama mwandishi ameona mwenyewe au amesikia. Mazungumzo bora ni yale ambayo ujumbe usiotimiza hayo huulizwa maswali, na uliokosea husahihishwa mbele ya wote waliousoma. Mtu akiandika "mahindi yapo mengi Busia, bei poa, nipigie", hajakupa habari yoyote. Hilo ni tangazo.

Ada inasaidia wapi

Inasaidia kwa mambo mawili. Kwanza, ni kizingiti. Tapeli anayejiunga na makundi mia kwa siku ili kurusha kiungo chake hatalipa mara mia. Na anayelipa kwa M-Pesa huacha jina na nambari, hivyo akiharibu anajulikana. Mbinu hii si ngeni. Jumuiya ya mtandaoni ya MetaFilter ya Marekani imekuwa ikimtoza mwanachama mpya dola 5, mara moja tu, tangu 2004. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu. Kazi yake ni kumfanya mgeni afikiri kabla ya kuingia.

Pili, ada inaweza kulipia kazi. Kundi la watu mia tatu linahitaji mtu wa kulisoma kutwa, kufuta uchafu, kupiga simu kuhakikisha habari, na kuwapatanisha waliogombana. Hiyo ni kazi ya mchana kutwa, na anayeifanya bure huchoka baada ya miezi miwili. Nimeona makundi mazuri ya bure yakifa kwa sababu hiyo tu: msimamizi alipata ajira, simu ikanyamaza, madalali wakaingia.

Ada haisaidii wapi: siku tano za Machi 2021

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliiandikia idara ya forodha kusimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu. Tarehe 10 serikali ikalegeza masharti: mahindi yaingie, lakini mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Katika siku zile tano nilikuwa ndani ya makundi mawili. La kwanza lilikuwa la kulipia, Sh500 kwa mwezi, watu kama tisini. Jumamosi asubuhi mtu aliuliza kama mahindi yanapita. Madalali watatu wakajibu haraka kwamba yanapita, tumeni dipoziti. Mzigo wao ulikuwa tayari umepakiwa na walihitaji mtu wa kuubeba mzigo huo wa hasara. Msimamizi hakusema kitu. Hakuna aliyewapinga, kwa sababu sisi wengine wote tulikuwa wanunuzi wa Mombasa, Thika na Nairobi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesimama mpakani. Mimi nilituma Sh40,000. Lori halikuvuka, na pesa yangu ilirudi vipande vipande kwa miezi minne.

Kundi la pili lilikuwa la bure na lilikuwa limejaa. Humo, Jumamosi ileile, dereva mmoja alituma picha ya malori yaliyozuiwa, na mama mmoja wa Busia akaandika kwamba magunia yake yamerudishwa. Laiti ningelisoma kundi hilo kwanza! Lakini usiku wake, kundi hilohilo likaletewa barua ya kughushi yenye muhuri, ikidai kwamba hata maharagwe yamepigwa marufuku. Barua ilisambaa, na nawajua watu wawili waliouza maharagwe yao kwa hasara Jumapili.

Basi katika siku tano nilijifunza pande zote mbili. Ada ilikuwa imeondoa kelele lakini haikuondoa uongo. Mlango wazi ulileta macho ya mpakani, na ukaleta takataka pamoja nayo.

Wakubwa wa dunia nao waliteleza hapohapo. Mnamo Novemba 2022, Twitter ilianza kuuza alama ya buluu ya uthibitisho kwa dola 8 kwa mwezi. Siku chache tu, mtu alijifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia alama hiyo, na kutangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni yenyewe ililazimika kujitokeza kukanusha. Alama ilithibitisha kwamba mtu amelipa, na watu wakaisoma kana kwamba imethibitisha ukweli.

Nani anabaki nje ya mlango

Tatizo ambalo wenye makundi hawalitaji ni hili: ada huchagua watu kwa uwezo wa mfuko, na mpakani mwenye habari mara nyingi si mwenye mfuko.

Mfikirie mama anayevuka Busia kila asubuhi na magunia mawili ya maharagwe. Anafanya biashara chini ya utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ambao humruhusu kutumia cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Mtaji wake ni elfu chache. Sh500 kwa mwezi kwake ni chakula cha watoto cha siku kadhaa. Lakini yeye ndiye anayejua bei ya alfajiri, afisa gani amebadilishwa, na kama maharagwe ya leo yamelowa mvua. Ukimfungia nje, umebaki na wanunuzi wanaoulizana wao kwa wao, na madalali wanaowajibu.

Kuna na upande wa haki. Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kuijua bei. Sababu yake ni wazi: mmoja anajua bei na mwenzake hajui. Kundi la kulipia la wanunuzi wakubwa, linalokusanya bei za mpakani huku mkulima wa Tororo na mama wa Busia hawazioni, linaweza kuwa njia mpya ya jambo lilelile la zamani. Sisemi kulipia habari ni haramu. Hilo nawaachia masheikh. Nasema tujiulize habari hiyo inatumika dhidi ya nani.

Ada inambadilisha mwenye kundi

Msimamizi anayeishi kwa ada hupata bosi mpya, naye ni yule mwanachama asiyetaka kufukuzwa. Dalali anayelipa kwa wakati na kuleta wenzake watano ana thamani kuliko mteja mmoja anayelalamika. WhatsApp nayo iliongeza nafasi mwaka 2022, kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1,024. Kwa mwenye kuuza viti, kila kiti kipya ni mapato, hata kama watu elfu hawawezi kuzungumza kwa maana katika chumba kimoja.

Wanachama nao hubadilika. Aliyelipa huamini zaidi, kwa kuwa hataki kukubali kwamba ametupa pesa. Tena huogopa kuuliza swali gumu, maana akitolewa harudishiwi chake. Wengi huketi kimya wakisubiri kuhudumiwa: wamelipa, basi wanaona kazi ya kuleta habari ni ya mwingine. Kundi la watu tisini likawa na wasemaji watano.

Haya yamekithiri kwenye makundi ya Telegram yanayouza ishara za kununua na kuuza fedha za kigeni, ambayo yamewanasa vijana wengi hapa Mombasa na huko Busia pia. Kenya ina kanuni za biashara hiyo ya mtandaoni tangu 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo inayotoa leseni. Kuwa mwanachama wa kulipia wa kundi la mtu asiye na leseni hakukupi kinga yoyote.

Mfano ulionivutia

Kundi bora nililowahi kukaa lilikuwa la Busia, na lilikuwa na ada, ila ada yake ilipangwa kwa akili. Wanunuzi wa mbali kama mimi tulilipa Sh300 kwa mwezi. Wanaovuka mpaka, yaani akina mama, madereva na wapakiaji, hawakulipa pesa. Wao walilipa kwa habari: ripoti tatu kwa wiki, bidhaa wanayoijua, mahali walipo. Asiyeripoti mwezi mzima aliulizwa kwa upole, kisha akatolewa.

Pesa zetu zilimlipa mama mmoja aliyesimamia, na zikawanunulia bando walioripoti. Kila mwisho wa mwezi aliandika kilichoingia na kilichotoka. Sheria zilikuwa nne: hakuna bei bila mahali, kipimo na siku, aliyekosea asahihishe mwenyewe palepale, dalali aseme kwamba ni dalali, na barua ya serikali isitumwe mpaka msimamizi aihakikishe kwa simu. Aliyevunja mara mbili alikaa nje mwezi mmoja, hata kama amelipa. Nilimwona akimtoa mnunuzi aliyelipa zaidi ya wote, na kumrudishia salio lake.

Januari 2022, madereva walipogoma Malaba kwa sababu ya ada ya dola 30 ya kipimo cha Covid-19 upande wa Uganda, kundi lile lilikuwa na madereva watatu ndani ya foleni. Tulijua hali saa kwa saa. Waliokuwa na mizigo ya kuharibika waliizuia mapema.

Nalo halikuwa bila dosari. Msimu mmoja wanunuzi walianza kukubaliana humo bei ya juu kabisa ya kumlipa mkulima. Mazungumzo yalikuwa ya heshima na yenye takwimu safi, lakini Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kupanga bei pamoja. Msimamizi aliyafuta na kutuonya. Angeishi kwa hisani yetu, sidhani angethubutu.

Kabla hujalipa, tazama cha bure

Wizara ya Kilimo ina mfumo wa taarifa za masoko, KAMIS, unaoonyesha bei za kaunti mbalimbali. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki, chama cha wanachama wanaolipa ada, huchapisha bei za nafaka za kanda kupitia mtandao wake wa RATIN. Huduma ya Sauti iliundwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani, na hutoa bei, viwango vya kubadilisha fedha na taratibu za kuvuka hata kwa simu isiyo na intaneti. COMESA nayo iliweka madawati ya habari za biashara mipakani, Busia ikiwemo, kumsaidia mfanyabiashara mdogo kujaza makaratasi.

Vyombo hivi havitakuambia lori la fulani limekwama wapi leo. Lakini vitakupa bei ya kulinganisha, ili kundi likikuambia jambo la ajabu ulishtuke.

Maswali ya kuuliza

Haya ndiyo niliyompa binamu yangu ayapeleke kwa aliyemwalika:

1. Ndani ya kundi, ni wangapi wanaolala Busia au Malaba, na wao wanalipa nini?
2. Ada inafanya kazi gani, na hesabu yake huonyeshwa wanachama?
3. Msimamizi mwenyewe anauza mahindi? Kama anauza, wanachama wanajua?
4. Ni lini mara ya mwisho kundi lilisahihisha habari ya uongo, na ilichukua muda gani?
5. Ni lini mwanachama aliyelipa alitolewa kwa kudanganya?
6. Pesa inaingia kwenye nambari ya mtu binafsi au ya kundi? Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inayapa makundi njia ya kujisajili.
7. Naweza kuingia wiki moja bure nisome, kabla ya kulipa?

Swali la nne na la tano ndiyo mizani. Kundi lisilowahi kumsahihisha wala kumtoa mtu halijakosa waongo, limekosa msimamizi. Hapo unachonunua ni kiti, na jirani yako wa kulia ni dalali.

Binamu aliyatuma maswali yote saba. Alijibiwa mawili: nambari ya M-Pesa ya kulipia, na kwamba nafasi zinakwisha Ijumaa. Hajalipa. Badala yake amepanga kupanda basi la Busia mwezi ujao akae siku tatu sokoni, apate nambari za watu wanne au watano anaoweza kuwapigia. Nimemwambia hao ndio kundi lake la kwanza, na akitaka wamjibu kila asubuhi, asiwasahau kwa bando.